Bunduki ya bei nafuu yenye kaliba kubwa kwa mawindo ya mbali: nina dola 1,000, nianzie wapi?

MfungaTela (Boise, Idaho)

Wakuu, salaam. Mimi ni Mbongo, dereva wa malori hapa Boise, mwaka wa saba huu, kadi ya kijani (ya ukaazi wa kudumu) ninayo. Kazini kuna mzungu mmoja tunaendesha naye njia moja. Kila Oktoba anapotea wiki nzima, akirudi friza lake limejaa nyama ya elki. Mwaka huu kanialika. Leseni na kibali cha mnyama nitakata mwenyewe, ila bunduki ya kuniazima hana. Anasema ninunue.

Ushauri wake ni nichukue ya kaliba (yaani aina ya risasi) .300 Winchester Magnum "au kubwa zaidi", kwa sababu huku ni mabonde mapana na anadai ameshamlaza elki kwa yadi 700. Nimezunguka madukani nikatoka na kizunguzungu. Kuna ya dola 450 na kuna ya dola 4,500, zote zimechorwa kaliba ileile kwenye mtutu! Mimi nina dola 1,000 kwa kila kitu: bunduki, darubini, risasi. Nikizidisha hapo mama watoto atanihamishia sebuleni.

Sijawahi kumiliki silaha. Nyumbani nilishika gobore la babu mara moja, na sikulifyatua. Kwa asiyemjua elki, ni yule ayala mkubwa wa milima ya huku, dume linafika kilo 300 na ushee. Yaani kamzidi tandala, ila kwa pofu hafikii.

Naomba kuwasilisha.

KijitiChaMswaki (Morogoro)

Nimekaa palee nyuma na karanga zangu. Mtaani kwetu ukitaja kaliba kwa sauti tu mjumbe anabisha hodi. Endeleeni.

MzeeBrno (Tabora)

Mwanangu MfungaTela, marahaba. Mimi ni askari wa wanyamapori mstaafu, nimetembea porini na bunduki ya .458 miaka ishirini na mbili, kwa hiyo la bei za huko sina, ila la kaliba ninalo.

Hiyo .300 unayoambiwa ina asili ambayo sisi wa huku tunaijua vizuri. Mwaka 1912 Holland & Holland wa London walitoa .375, risasi iliyokuja kuwa mwenyeji wa pori letu lote, kwa nyati, kwa pofu, kwa simba. Ganda lake ni refu, limechongoka taratibu, na shingo yake haina bega la kushika vizuri ndani ya chemba, pale risasi inapokaa. Ndiyo maana wakalivalisha mkanda chini, ili ganda lisimame mahali pake. Wamarekani wakalichukua ganda hilohilo, wakalikata, wakalinyoosha: .458 mwaka 1956, .338 mwaka 1958, na hiyo .300 yako mwaka 1963. Kwa hiyo huo mkanda unaouona kwenye .300 umerithiwa tu, kazi yake halisi imebaki ndogo.

Sasa nikuambie nilichokiona. Wageni wa uwindaji wa kitalii walikuwa wanakuja na magnum (bunduki za risasi zenye baruti nyingi) mpya zinang'aa, na wengi wao walikuwa wanafumba macho kabla ya kufyatua. Bunduki ikimpiga mtu teke mara kumi, bega linakumbuka, na kidole kinaanza kuvuta kwa kushtukia. Risasi inaenda kwenye tumbo la mnyama au kwenye majani. Usiku tunatafuta damu kwa tochi, na huyo mgeni yuko kambini anaoga maji ya moto.

Ukitaka kujijua, mwambie mwenzako akujazie risasi bila wewe kuona, katikati achanganye na risasi ya mazoezi, ile isiyo na baruti. Ukifika kwenye hiyo, utauona mdomo wa bunduki ukiruka wakati hakuna kilicholipuka. Hapo utajua kama unaweza magnum au bado.

MwanaWaKivu (Missoula, Montana)

Jambo bandugu. Miye niko Missoula tangu 2017, tulifika huku wakimbizi familia nzima, na elki nimeshaua ine. Yote ine na .30-06, kaliba ya mwaka 1906, bunduki niliuziwa dola 350 pamoja na darubini ya zamani. Wa karibu kabisa alikuwa yadi 60, wa mbali yadi 280. Miye siamini hiyo hadithi ya yadi 700.

MfungaTela, jiulize kitu kimoja: nani atabeba? Elki dume akishakatwa na kuondolewa mifupa anatoa kilo mia hivi za nyama. Ukimpiga kutoka ng'ambo ya bonde, yadi 600, wewe utashuka mpaka mtoni, utapanda kwenye theluji, utaanza kuchuna saa kumi na moja jioni na giza linaingia. Paja la nyuma moja na mfupa wake ni kama mtoto wa miaka kumi mgongoni. Kisha unarudi mtoni, unapanda tena. Mara ine, mara tano! Mwaka wa kwanza nililia, kabisa kabisa, sifichi.

Kutembea ukamkaribie iko bure.

MfungaTela

Mzee, shikamoo, na aksante kwa somo. MwanaWaKivu umenichekesha ila umenitisha. Lakini nisiwe mnafiki: ile .300 nimeshaipenda. Kuna tofauti gani hasa kati yake na .30-06? Si zote kichwa cha risasi ni kipenyo kilekile?

BintiKisauni (Casper, Wyoming)

Hodi jamvini. Mimi nasimama kwenye kaunta ya duka la vifaa vya uwindaji hapa Casper, nawauzia hawa wazee wa Wyoming ambao siku ya kwanza walikuwa wananiuliza kama kuna mwanamume wa kuzungumza naye. Sasa wananitafuta kwa jina. Hebu nijibu kwa hesabu.

Kipenyo ni kimoja, naam, .308 ya inchi. Kinachotofautiana ni baruti iliyo nyuma. Kichwa cha greni 180 (karibu gramu 11.7) kwenye .30-06 kinatoka mtutuni kwa mita 820 hivi kwa sekunde, kwenye .300 Win Mag kinatoka kwa mita 900. Vichwa vingi vya kuwindia vinahitaji kufika kwa mnyama na mwendo wa mita 550 kwa sekunde au zaidi ili vifunguke kama uyoga. Chini ya hapo vinatoboa tundu jembamba na mnyama anaondoka. Kwa .30-06 mwendo huo unaishia karibu mita 500. Kwa .300 unaishia kati ya mita 600 na 700, kutegemea kichwa na urefu wa mlima, maana juu kule hewa ni nyepesi.

Yaani yakhe, magnum inakuuzia mita mia moja na kitu za mwisho. Wewe ambaye hujafyatua hata risasi moja, hizo mita utazitumia lini?

Na hiyo yadi 700 ya rafiki yako, tuipige picha. Umeisawazisha .300 ipige katikati kwa yadi 200. Kwa yadi 300 risasi imeshuka inchi sita au saba, hapo hata hulengi juu sana. Kwa 400 imeshuka inchi 19. Kwa 500 imeshuka zaidi ya yadi nzima. Kwa 700 ni futi nane au tisa! Upepo wa maili 10 kwa saa, upepo ambao hapa Casper tunauita utulivu, unaisukuma kando futi moja na nusu kwa yadi 500, futi tatu kwa yadi 700. Mapafu na moyo wa elki ni kama sinia la inchi 14 au 15. Na risasi inachukua zaidi ya nusu sekunde kufika yadi 500, muda ambao mnyama anaweza kupiga hatua moja, na hiyo hatua inageuza mapafu kuwa utumbo.

Sisemi haiwezekani. Wapo wanaoweza. Hao wanapiga risasi mia tano kwa mwaka, na nikikutajia gharama za risasi zao dola 1,000 yako itaona haya.

JembeLaTexas (San Antonio)

Dada BintiKisauni heshima kwako, ila tusimrudishe kijana wa watu 1906. Dunia imesogea. Hornady, kampuni ya risasi, walitoa .300 PRC na 6.5 PRC mwaka 2018, 7mm PRC mwaka 2022. Hakuna mkanda, ganda limetengenezwa tangu mwanzo kwa vichwa virefu vinavyokata upepo. 7mm PRC inatupa greni 175 kwa mita 914 kwa sekunde. Mifereji ya ndani ya mtutu wake imesokotwa kasi, mzunguko mmoja kila inchi 8, kwa hiyo hata vichwa virefu vinatulia hewani. 7mm Remington Magnum ya 1962 mtutu wake wa kawaida ni mzunguko mmoja kila inchi 9 na robo au 9 na nusu, ukitia kichwa kirefu sana kinayumba. Kama unaanza sifuri, anza na kipya.

BintiKisauni

Jembe, kwa karatasi uko sahihi na sina ugomvi. Lakini mimi ndiye ninayepigiwa simu ijumaa saa mbili usiku na mtu aliyesahau risasi nyumbani, yuko kijiji chenye kituo kimoja cha mafuta. Pale kwenye rafu kati ya betri na nyama kavu kuna .30-06, kuna .270, kuna .300 Win Mag, mara nyingi 7mm Rem Mag. PRC utaikuta ukibahatika. Na boksi la risasi 20 za PRC kwetu ni dola 60 mpaka 80, wakati .30-06 napata nzuri tu kwa 35 au 40. Mwenye dola 1,000 anahesabu maboksi.

JembeLaTexas

Nakubali la maboksi. La betri na nyama kavu limeniua 😂

Wa_Githurai (Nairobi)

Niaje watu wangu. Huku kwetu uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hivyo hii yote nasoma kama riwaya. Swali la mshamba: kwa nini bunduki ya 450 na ya 4,500 zote ni .300? Hiyo 4,000 inaenda wapi?

BintiKisauni

Wa_Githurai, swali la mshamba ndilo swali. Inaenda kwenye uzito (kitako cha nyuzi za kaboni, mtutu uliofunikwa kaboni), kwenye ulaini wa bolti (komeo la kuingizia risasi), kwenye mikono ya fundi aliyesawazisha kila kipande, na kwenye jina. Kwenye shabaha tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Miaka arobaini iliyopita bunduki ya bei rahisi ilikuwa bahati nasibu. Leo mashine za kompyuta zinachonga mtutu wa bei rahisi vizuri sana, na bunduki ya dola 500 inaweka risasi tatu ndani ya inchi moja na nusu kwa yadi 100 bila jasho. Nyingine inafika inchi moja.

Kwa hiyo MfungaTela, nikupitishe rafuni kama mteja wangu. Sina hisa kwa yeyote.

Savage 110 ipo tangu 1958. Mtutu wake umefungwa kwa nati, jambo linalorahisisha kiwandani kuweka chemba sawasawa, na nadhani ndiyo siri ya kulenga kwake vizuri kwa bei ile. Kifyatulio chao unaweza kukilainisha mwenyewe nyumbani. Bolti inakwaruza kama mlango wa banda la kuku, lakini utaizoea. Wanaiuza pia na darubini ya Vortex juu yake, zote pamoja unakuta dola 700 na kitu.

Ruger American ni ya 2012, toleo la pili limetoka mwishoni mwa 2023 na lina breki mdomoni. Breki inapunguza teke sana, ila inarudisha kishindo masikioni mwako na mwa aliye pembeni. Bila vizuia sauti vya masikio usiipige hata mara moja, nasema kweli, nina wateja wa miaka hamsini ambao naongea nao kwa kuandika.

Weatherby Vanguard inatengenezwa Japani na kiwanda cha Howa. Ni nzito kidogo. Wengi wanailalamikia kwa hilo, mimi ndicho ninachoipendea, kwa sababu kwenye magnum uzito ndio rafiki wa bega. Winchester XPR inatoka Ureno, CVA Cascade inatoka Hispania kwa haohao wanaotengeneza bunduki za Bergara, zote mbili hazina aibu. Mossberg Patriot ndiyo rahisi kuliko zote hizi, na kwa .30-06 ningekuuzia leo. Kwa .300, bunduki nyepesi vile, ningekuonea huruma. Tikka ya Wafini ni tamu, bolti yake inateleza kama siagi, lakini itakula pesa ya darubini.

Na darubini usiifanyie ubahili kupita bunduki. Dola 250 mpaka 300 unapata ya kuaminika, ya kukuza mara 3 mpaka 9 au 4 mpaka 12. Angalia kitu kimoja ambacho vijana hawaulizi: umbali wa jicho. Kwa magnum nataka angalau inchi tatu na nusu kati ya kioo na jicho. Chini ya hapo itakung'ata juu ya nyusi, na ule mkato wa mwezi mchanga kila mtu mjini atajua umeupata wapi.

AbuSalma (Columbus, Ohio)

Assalaam alaykum. Mimi nilinunua .300 kwa furaha nikiwa hapa Ohio, ndipo jirani akaniambia kwamba kwa kulungu wa huku maganda yenye shingo hayaruhusiwi, ni yale yaliyonyooka tu. Bunduki iko kabatini mwaka wa pili. Someni sheria za jimbo kabla ya kusoma matangazo.

Pia nauliza, maana najua wapo wanaotaka kuuliza wanaona haya: nyama ya risasi vipi kwa Mwislamu?

BintiKisauni

Waalaykum salaam. Nilivyofunzwa: unataja jina la Mwenyezi Mungu unapofyatua, na ukimfikia angali hai unamchinja. Ukimkuta kafa kwa risasi iliyomtoboa, halali. Kisu kikali kinakaa kiunoni, si ndani ya begi. Masheikh wapo, waulizeni wao zaidi.

MwanaWaKivu

Kuhusu sheria: kule Idaho bunduki pamoja na darubini na mkanda wake isizidi ratili 16, hiyo ni kama kilo 7 na robo. Kuna wanaume walikuwa wanataka kwenda na mizinga. Huku Montana lazima uvae rangi ya chungwa juu ya kiuno, inchi za mraba 400. Na wewe MfungaTela, kama umezaliwa tarehe 1 Januari 1975 au baada yake, Idaho wanakudai cheti cha mafunzo ya uwindaji kwanza. Usingoje Septemba.

Na mkazi unahesabiwa baada ya miezi sita. Mgeni wa jimbo analipa kibali cha elki mara kumi na zaidi ya mkazi.

MfungaTela

Cheti nimeshajiandikisha. Sasa dukani itakuwaje kwa sisi wenye kadi ya kijani? Nisije nikaaibika kaunta.

BintiKisauni

Hutaaibika. Utajaza fomu ya serikali kuu, 4473, utaandika ile namba iliyo kwenye kadi yako, utaonyesha kitambulisho chenye anwani unayoishi kweli, nasi tunauliza kwenye mfumo wao. Mara nyingi jibu linakuja kabla hujamaliza kuangalia visu. Umri ni miaka 18 kwa bunduki ndefu. Jaza ukweli mtupu, maana kudanganya pale ni kosa la jinai la serikali kuu na kwa mhamiaji ni zaidi ya faini. Fomu inauliza na habari ya bangi, na inasema wazi kwamba ruhusa ya jimbo haibadilishi kitu. Nyie wa Boise mnaovuka wikiendi kwenda Ontario, Oregon, bangi inakoruhusiwa, mnanielewa.

Wenye viza ya masomo au ya matembezi: kwa kawaida hamruhusiwi hata kuishika. Kuna msamaha kwa mwenye leseni halali ya uwindaji, lakini nenda kwa mwanasheria kwanza, usiende na maneno ya jamvini.

KijitiChaMswaki (Morogoro)

Karanga zimeisha, nimetuma mtoto dukani.

MzeeBrno

Mwanangu, ukishanunua usiishie kulenga kwenye meza yenye mifuko ya mchanga. Mlimani hakuna meza. Chukua sahani za karatasi za inchi 9, zibandike yadi 100, piga ukiwa umekaa chini, umepiga magoti, umeegemea fimbo. Sahani ikipokea risasi tano kwa tano, sogea 200. Siku sahani itakapoanza kukataa, pale ndipo mwisho wako kwa mwaka huo, hata bunduki iwe inafika mwezini.

MfungaTela (wiki tano baadaye)

Wakuu, mrejesho.

Nimepata Vanguard iliyotumika, 7mm Remington Magnum, dola 480. Muuzaji alisema mwenyewe wa kwanza aliipiga boksi moja akairudisha, bega lilimwambia basi. Niliangalia ndani ya mtutu kwa tochi, nikaangalia mdomo wa mtutu kama una mikwaruzo, mtutu safi. Kwa nini 7mm na si .300? Nilipiga zote mbili kwenye uwanja wa shabaha, za rafiki yangu. Kwa .300 risasi ya nne nilijikuta nafumba jicho kama wale wageni wa Mzee. Kwa 7mm nilifika kumi nikiwa bado na heshima zangu. Darubini dola 260, vishikizo vyake dola 40, maboksi manne ya greni 160. Jumla 985 na kodi. Mama watoto kaguna tu.

Kisha balaa. Siku ya kwanza ya kusawazisha risasi zinatawanyika kama mbegu za mtama. Tatu kushoto, moja juu, moja hata karatasi haikuiona. Nikageuza darubini, nikabadili risasi, nikaanza kuilaumu bunduki, nikaandika tangazo la kuiuza! Rafiki yangu akashika darubini kwa mkono akaitikisa: inacheza. Duka walionifungia waliacha skrubu mbili za vishikizo hazijakazwa. Nimetupa boksi zima la risasi kwa sababu ya skrubu mbili. Tukafungua zote, tukafuta mafuta, tukakaza kwa kipimo. Tatu zilizofuata zimekaa ndani ya inchi moja na robo kwa yadi 100.

Kwenye sahani za Mzee: 100 tano kwa tano, 200 tano kwa tano, 300 tatu kwa tano. Basi mwisho wangu ni 250.

JembeLaTexas

7mm Rem Mag na greni 160, mkuu hapo hujakosea hata kidogo. Nilidhani utaondoka na .338 kwa ubishi.

BintiKisauni

Skrubu! Kila mwaka, yakhe. Kila mwaka mtu ananirudishia bunduki "mbovu", namrudishia na bisibisi.

MfungaTela (Oktoba)

Nimerudi jana usiku, mikono inatetemeka bado kwa kubeba. Elki jike, yadi 190, nimeegemea mkoba juu ya jiwe, saa moja na dakika kumi asubuhi. Alitembea hatua kama ishirini akalala. Kabla yake, siku ya pili, rafiki yangu alinionyesha dume kwenye ukingo wa pili wa bonde, kifaa cha kupimia kikasoma 640. Akaniambia piga. Niliangalia kwenye darubini, upepo unalaza majani upande wetu na upande wa pili majani yamesimama wima. Nikamwambia piga wewe. Naye hakupiga. Tulikaa pale tukimtazama anakula mpaka akaingia mitini.

MwanaWaKivu, safari nne mpaka garini. Uliniambia.

Sasa nina friza limefurika, na ulimi mzima uko kwenye sufuria kubwa. Unachemshwa muda gani?

MwanaWaKivu

Saa tatu, moto mdogo, na chumvi na kitunguu. Ile ngozi yake nyeupe uichune ungali wa moto, ukipoa haitoki tena.

KijitiChaMswaki (Morogoro)

Mkuu, anwani yako Boise ni ipi tena?